Gari Kuukuu Kwenye Barabara ya Matai

Leo tusafiri pamoja. Tutoke Sumbawanga mjini, twende Matai, kisha tuteremke mpaka Kasanga penye Ziwa Tanganyika. Safari yenyewe si ndefu. Barabara yote ina kilomita zipatazo 110. Lakini safari hii tutatazama magari makuukuu, na tutajiuliza swali moja: oili ya injini huenda wapi?

Labda utasema, "Mimi sina gari. Jambo hili halinihusu." Subiri kidogo. Mahindi yako yanakwenda sokoni kwa gari gani? Mgonjwa wako akizidiwa usiku, anapelekwa hospitali kwa gari gani? Mara nyingi ni pikapu ya zamani ya mtu wa kijijini, au ya kikundi. Injini ya gari hilo ikifa, kijiji kizima kimepoteza miguu. Tena mashine ya kusaga unga ina injini. Trekta ndogo ya mkono ina injini. Mengi utakayosoma hapa yanazihusu hizo pia.

SUMBAWANGA ASUBUHI

Sumbawanga ni mji wa juu. Uko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na wa Julai asubuhi kuna baridi kali. Watu huvaa makoti, na akina mama huwafunika watoto vizuri mgongoni. Ukifika kituo cha magari alfajiri, utaona magari yakiwashwa. Mengi yanatoa moshi. Usiupite moshi huo bure. Usome, kama unavyosoma gazeti hili.

Moshi wa gari una rangi tatu.

Moshi mweupe mwepesi, unaotoka asubuhi na kuisha injini ikipata moto, ni mvuke wa maji. Ni kama pumzi yako inavyoonekana siku ya baridi. Hauna ubaya. Lakini moshi mweupe mzito, usioisha mchana kutwa, unasema jambo jingine. Huenda maji ya rejeta yanaingia ndani ya injini.

Moshi mweusi unasema kwamba petroli au dizeli ni nyingi kuliko hewa. Huenda chujio la hewa limeziba.

Moshi wa buluu, kama rangi ya milima ya mbali, unasema kwamba oili inaungua. Moshi huo una harufu kali na huwasha macho. Gari linalotoa moshi wa buluu linakula oili.

OILI INA KAZI GANI?

Ndani ya injini chuma hucheza juu ya chuma. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda. Krenki huzunguka kwenye beringi zake. Tuseme krenki inazunguka mara 2,500 kwa dakika moja. Kwa saa moja itakuwa imezunguka mara 150,000. Hiyo ni saa moja tu!

Chukua vipande viwili vya chuma kikavu, uvisugue kwa nguvu. Vitapiga kelele. Vitapata moto. Vitalika. Sasa vipake mafuta, uvisugue tena. Vitateleza. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya oili. Oili hulainisha. Tena huchukua joto, hubeba uchafu, na huziba nafasi ndogo iliyopo kati ya pistoni na silinda.

Wazee wa Ufipa walikuwa mabingwa wa chuma. Walijenga matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyoitwa malungu. Humo waliyeyusha mawe ya chuma, kisha wakafua majembe. Walijua kwamba chuma kikipata moto mwingi hulainika, na chuma na chuma hushikana. Mambo hayo hayo hutokea ndani ya injini isiyo na oili. Injini hujigeuza tanuri. Chuma hushikana na chuma, na gari husimama. Mafundi husema: injini imenoki.

Injini iliyonoki hairudi kwa kumimina oili. Imekwisha haribika. Hapo ndipo mwenye gari anapouza ng'ombe.

NJIANI KWENDA MATAI

Sasa tumetoka mjini. Tazama nchi ilivyo wazi. Kuna majani, vilima vya duara, na mashamba ya mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Utaona maksai wanavuta mkokoteni wa magunia. Upepo unavuma bila kuzuiwa.

Barabara hii leo ina lami. Lakini kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo na changarawe. Wakati wa masika magari yalikwama. Wakati wa kiangazi yalipita ndani ya vumbi. Na ukiacha barabara kuu leo, ukaingia njia ya kwenda vijijini, vumbi bado lipo.

Vumbi ni adui mkubwa wa injini. Vumbi ni mchanga mdogo sana. Injini huvuta hewa nyingi, na hewa hupita kwenye chujio. Chujio likitoboka, au mpira wa bomba la hewa ukipasuka, vumbi huingia ndani. Huko hugeuka msasa. Huzikwangua ringi za pistoni na ukuta wa silinda siku baada ya siku. Ringi zikilika, oili hupanda juu ya pistoni na kuungua pamoja na petroli au dizeli. Kwa hiyo gari linalokula oili leo, huenda lilianza kuugua zamani, siku ile mtu alipotupa chujio la hewa na kusema, "Litatembea tu."

Mbele ya dereva kuna tarakimu zinazoonyesha kilomita. Zisome. Kuizunguka dunia mara moja ni kilomita zipatazo 40,000. Gari lenye kilomita 400,000 limetembea safari kama ya kuizunguka dunia mara 10. Si ajabu likichoka.

Lakini kuwa na hadhari. Magari mengi tunayonunua yamekwisha tumika nchi nyingine, kama Japani. Tarakimu za kilomita zaweza kurudishwa nyuma na mtu mdanganyifu. Kwa hiyo ukitaka kununua gari la zamani usitazame tarakimu peke yake. Fika asubuhi, kabla injini haijawashwa. Tazama oili. Kisha liwashwe mbele yako, uutazame moshi.

MATAI, NJIA PANDA

Baada ya kilomita zipatazo 50 tunafika Matai. Matai ni makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012. Hapa ni njia panda. Njia moja inakwenda Kasanga, ziwani. Njia nyingine inakwenda Kasesya, mpakani na Zambia. Kwa sababu hiyo magari mengi hupita hapa: ya mahindi, ya samaki, ya abiria. Mengi ni ya zamani. Na penye magari ya zamani hapakosi mafundi.

Hapa Matai nilizungumza na dereva mmoja mwenye umri mkubwa. Alikuwa amefungua boneti ya pikapu yake. Mkononi alikuwa na kitambaa na daftari la shule.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, Bwana Shamba. Karibu."

"Daftari hilo ni la hesabu za abiria?"

"La, hili ni la oili. Gari hili ni zee kama mimi. Mimi nikienda zahanati napimwa presha, na mganga anaandika. Basi na mimi nalipima gari, halafu naandika."

Alinionyesha. Ukurasa wake ulikuwa na mistari michache tu, namna hii:

Kilomita 312,400. Oili imejaa.
Kilomita 312,800. Nimeongeza robo lita.
Kilomita 313,100. Nimeongeza robo lita.
Kilomita 313,400. Nimeongeza robo lita.

Tufanye hesabu pamoja. Kutoka 312,400 mpaka 313,400 ni kilomita 1,000. Ni kama safari 10 za kwenda na kurudi kati ya Sumbawanga na Matai. Katika safari hizo gari lilikula robo lita mara tatu, yaani robo tatu ya lita.

"Je, hiyo ni nyingi?" nilimwuliza.

"Kwa gari jipya ni nyingi. Kwa gari langu ndiyo kawaida yake. Siogopi robo tatu, Bwana Shamba. Naogopa siku itakapogeuka lita moja na nusu, nami nisijue."

Ndugu msomaji, maneno hayo yana maana kubwa. Baadhi ya watengenezaji wa magari husema kwamba injini ikila mpaka lita 1 kwa kilomita 1,000 bado si kosa. Gari kuukuu laweza kula oili kidogo na likaendelea kutumika miaka mingi. Jambo la hatari ni kutojua linakula kiasi gani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

GARI LA WOTE

Mzee yule alinipa habari ya gari jingine. Lilikuwa gari la kikundi cha wakulima. Walichanga fedha za mavuno, wakanunua pikapu ya zamani. Walifurahi sana. Lilibeba mahindi, lilibeba mbolea, lilibeba wagonjwa. Lilikuwa na madereva wawili, wakipokezana.

Gari hilo lilikula oili. Watu wote waliuona moshi wa buluu. Dereva wa kwanza alidhani dereva wa pili ameongeza oili. Dereva wa pili alidhani wa kwanza ameongeza. Mweka hazina aliandika fedha za dizeli. Oili hakuna aliyeiandika.

Siku moja wakati wa mavuno gari lilipakia magunia. Juu ya magunia walikaa abiria, na mbele alikaa mama mwenye mtoto mgonjwa. Katikati ya mlima injini iligonga, ko-ko-ko, kisha ikazimika. Haikuwaka tena. Mama yule alikaa kando ya barabara na mtoto wake mpaka jioni, lori la samaki lilipopita na kuwachukua. Mtoto alipona. Gari halikupona. Kikundi kiliuza maksai wanne kununua injini nyingine. Msimu uliofuata baadhi ya wanakikundi walilima kwa jembe la mkono.

Waliuza maksai kwa kukosa lita chache za oili. Mzee alisema, "Hawakukosa fedha ya oili. Walikosa mtu wa kutazama."

JINSI YA KUPIMA OILI

Kupima oili ni kazi ya dakika chache. Fanya hivi:

1. Simamisha gari mahali pa sawa. Usipime gari likiwa mlimani, kwa sababu oili hukimbilia upande mmoja.

2. Pima asubuhi kabla ya kuwasha. Kama injini ilikuwa inafanya kazi, izime, ungoje dakika 10 oili ishuke chini.

3. Chomoa kijiti cha kupimia. Kifute kwa kitambaa safi. Kirudishe mpaka mwisho. Kichomoe tena, ukitazame.

4. Kijiti kina alama mbili. Alama ya chini ni ya upungufu. Alama ya juu ni ya kujaa. Oili iwe kati ya alama hizo, karibu na ile ya juu.

5. Ikipungua, ongeza kidogo kidogo, kisha pima tena. Usipite alama ya juu. Oili ikizidi hupigwapigwa na krenki ikatoa povu, na povu halilainishi vizuri. Tena nyingine huvutwa na kuungua.

6. Andika tarehe, kilomita, na kiasi ulichoongeza.

Tazama pia oili yenyewe. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Usiwashe gari. Mwite fundi.

Usingoje taa nyekundu yenye picha ya kibirika. Taa hiyo haisemi kwamba oili imepungua. Inasema kwamba oili haisukumwi tena ipasavyo ndani ya injini. Ikiwaka njiani, simama mara moja mahali pa salama na uzime injini. Usiseme, "Nifike kijiji cha mbele." Tena magari mengi ya zamani taa hiyo imekufa. Ijaribu hivi: washa swichi bila kuwasha injini. Taa iwake. Kisha washa injini. Taa izimike. Isipowaka kabisa, itengenezwe.

KUTEREMKA KASANGA

Sasa tuondoke Matai. Nchi inaanza kushuka. Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha mita zipatazo 770 tu. Basi kutoka Sumbawanga mpaka majini tunateremka mita zipatazo 1,000. Baridi inatuacha. Joto linatupokea. Ghafla unaona maji, mapana na ya buluu, na ng'ambo ni nchi ya Zambia.

Mteremko huu ni fundi asiyedai fedha. Ukitazama vizuri, unaweza kukuonyesha mahali oili inapopitia.

Kwanza, injini ya petroli. Dereva anateremka muda mrefu bila kukanyaga mafuta. Wakati huo injini inavuta kwa nguvu, kama mtoto anavyonyonya mrija ulioziba. Kama sili za vali zimekauka, oili huvutwa kupitia hapo. Mwisho wa mteremko dereva anakanyaga mafuta. Wingu la buluu linatoka nyuma, kisha linaisha. Hiyo ni dalili ya sili za vali. Dalili nyingine ni moshi wa buluu asubuhi gari linapowashwa, kisha ukatoweka.

Pili, kupanda. Gari limepakia samaki, linarudi Matai. Injini inavuta mzigo. Moshi wa buluu unatoka njia nzima bila kukoma. Hiyo ni dalili ya ringi na silinda zilizolika.

Tatu, gari linapungua oili lakini moshi hauonekani. Huenda linavuja. Jioni tandika boksi la karatasi chini ya injini. Asubuhi tazama matone yako wapi. Oili yaweza kuvuja kwenye gasketi, kwenye sili ya krenki, kwenye chujio la oili, au kwenye nati ya kumwagia oili.

Nne, injini ina bomba la kupumulia, mafundi huliita briza. Likiziba kwa uchafu, pumzi ya injini hukosa njia. Oili husukumwa nje kupitia kwenye sili, au huvutwa pamoja na hewa na kuungua. Wengine hufungua injini nzima, kumbe lilihitajika kusafishwa bomba hilo tu.

Kumbuka jambo moja tena. Milima hii ni hatari kwa gari lenye oili pungufu. Gari likiinama, oili kidogo iliyobaki hukimbilia upande mmoja wa bakuli la chini. Pampu huvuta hewa. Ndiyo maana injini nyingi hufa mlimani. Kabla ya kushuka au kupanda Kasanga, pima.

MELI ILIYOZAMA NA INJINI YAKE

Tukiwa Kasanga tukumbuke meli ya Liemba, iliyotia nanga hapa kwa miaka mingi. Wakati wa Wajerumani mahali hapa paliitwa Bismarckburg. Meli hiyo ilijengwa Ujerumani mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande, ikaletwa Kigoma, ikaunganishwa, na mwaka 1915 ikashushwa majini kwa jina la Graf von Götzen.

Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isichukuliwe na adui. Lakini mafundi wake walikuwa watu wa akili. Kabla ya kuizamisha walizipaka injini zake grisi nene. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua. Injini zilikutwa bado zinafaa. Mwaka 1927 meli ilianza kazi tena kwa jina la Liemba. Injini zake za mvuke zilitumika mpaka miaka ya 1970, zilipoondolewa na kuwekwa za dizeli.

Umeona? Grisi ilikilinda chuma hata chini ya maji. Lakini grisi haikujipaka yenyewe. Kuna watu waliofikiri mbele.

UFANYE NINI?

Anza na mambo madogo. Usianze na kufungua injini.

Kwanza, pima na uandike. Gari la kikundi liwe na daftari moja linalokaa ndani ya gari. Kila dereva aandike na kuweka sahihi. Mkutano wa kikundi ulisome kila mwezi.

Pili, ziba mavujo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Gasketi ni rahisi kuliko injini.

Tatu, safisha briza na chujio la hewa. Chujio lililotoboka libadilishwe.

Nne, nunua oili inayofaa. Soma maandishi ya kopo. Kwa mfano 15W-40. Tarakimu ya kwanza, yenye herufi W, inahusu baridi. Ikiwa ndogo, oili hukimbia upesi asubuhi ya baridi. Tarakimu ya pili inahusu joto. Ikiwa kubwa, oili hubaki nzito injini ikiwa na moto. Injini iliyolika yaweza kupunguza kula oili ikipewa iliyo nzito kidogo, kama 20W-50, ikiwa kitabu cha gari kinaruhusu. Lakini usizidishe uzito. Asubuhi ya Sumbawanga oili nzito mno huchelewa kufika juu ya injini. Tazama pia herufi nyingine. Oili ya injini ya petroli huwa na alama inayoanza na S. Ya dizeli huwa na alama inayoanza na C. Nunua kopo ambalo halijafunguliwa.

Tano, kuongeza si kubadilisha. Wengine husema, "Mimi naongeza kila juma, basi oili yangu ni mpya." Si kweli. Uchafu unabaki ndani. Mwaga oili yote na ubadilishe chujio kwa wakati uliowekwa kwenye kitabu cha gari.

Sita, mwite fundi kama gari linakula zaidi ya lita 1 kwa kilomita 1,000, au kama daftari linaonyesha kwamba ulaji unaongezeka haraka. Mwambie apime kompresheni ya kila silinda kabla ya kufungua injini. Ikiwa ndogo, atie oili kidogo ndani ya silinda, apime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimelika. Kisichopanda, huenda vali ndizo zenye kosa. Sili za vali zaweza kubadilishwa bila kufungua injini nzima. Ringi ni kazi kubwa zaidi. Baada ya hapo mtajua mtumie fedha zenu wapi.

Usitie oili chafu ndani ya injini, wala mafuta ya kupikia. Wala usiamini kila dawa ya kopo inayosifiwa. Chuma kilicholika hakioti tena kama nyasi.

OILI CHAFU ITUPWE WAPI?

Oili iliyomwagwa ina sumu. Usiimwage mtoni, kisimani wala shambani. Usimpake ng'ombe kwenye kidonda. Usijipake mwilini. Ina vitu vinavyoweza kuleta saratani. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko, liandike "OILI CHAFU", watoto wasilifikie. Mpelekee fundi wa gereji anayekusanya oili chafu.

Ndugu msomaji, gari kuukuu si aibu. Ufipa yetu inabebwa na magari ya namna hiyo. Wewe umejifunza kusoma na kuandika. Basi kijiti cha oili ni kitabu chako, na moshi ni barua. Jumapili hii liendee gari la kijiji, au mashine ya kusaga. Chomoa kijiti. Soma. Kisha andika mstari wa kwanza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Moshi wa buluu una maana gani?
2. Kwa nini haifai kungoja taa nyekundu iwake?
3. Gari lilikuwa na kilomita 205,000 lilipojazwa oili. Lilipofika kilomita 206,000 lilikuwa limeongezwa nusu lita mara tatu. Limekula lita ngapi? Je, liitiwe fundi?
4. Katika kijiji chenu ni nani anayepima oili ya mashine ya kusaga? Anaandika wapi?